Mdogo wangu alishitakiwa kuua: yaliyotupata katika miaka mitatu ya kesi

Habari ya kukamatwa kwa mdogo wangu niliipata kwenye simu, Jumanne moja ya Juni 2021, nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa nikingoja watoto wapange mstari. Ilikuwa picha. Vijana wanne wameketishwa kwenye vumbi, mikono nyuma, mbele yao vyuma viwili na simu tatu zimepangwa juu ya gunia. Wa pili kutoka kushoto alikuwa mtoto wa mama yangu. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: “Hawa ndio waliomuua muzee wa depo. Waliondoka na mfuko wa dola.” Kufikia mapumziko, kundi la mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, lilikuwa limejaa ujumbe. Wachomwe. Kwa nini wanalishwa. Namba nyingi nilizitambua. Mmoja wa walioandika alikuwa mama ambaye binti yake nilikuwa nikimfundisha mwaka ule.

Naandika kwa ajili ya familia itakayopokea picha kama ile kesho, na kwa ajili ya wanaoisambaza pia, maana nimekaa pande zote mbili. Miezi michache kabla ya hapo nilisambaza mimi mwenyewe picha ya kijana aliyedaiwa kuiba watoto. Sikumjua. Sikuuliza nani amemkamata, yuko wapi, amefikishwa mbele ya nani. Niliandika: “Afungwe asitoke.” Baadaye aliachiliwa bila hata kupanda mbele ya zuzi, yaani hakimu, nikasikia amehama Lubumbashi. Sikurudi kwenye kundi kusema kwamba ameachiliwa. Hakuna aliyerudi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 26, mlinzi wa usiku kwenye depo moja ya unga na saruji. Walikuwa wawili, yeye na muzee mmoja aliyemzidi umri mara mbili. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, watu waliruka ukuta mnamo saa tisa. Muzee alipigwa chuma kichwani akafa palepale. Mdogo wangu alikimbia. Hakupiga kelele, hakwenda polisi, hakumpigia simu bosi. Alivuka reli, akajificha nyuma ya nyumba ya rafiki yake hadi kulipopambazuka, kisha akaenda kwake na kulala na viatu miguuni. Polisi walimkuta hivyo hivyo. Kukimbia kule na kunyamaza kule vilimpa kila mtu sababu ya kumshuku, na sitaficha kwamba siku ya kwanza hata mimi nilimshuku.

Nilizunguka vituo vitatu nikimtafuta. Nilimpata jioni katika kasho (mahabusu) la kituo ambacho sitakitaja. Swali langu la kwanza kwa askari aliyekuwa mlangoni lilikuwa: “Ni ngapi?” Leo nikikumbuka swali lile naumia, kwa sababu nilimfundisha namna ya kunitendea. Nililipa dola 20 kumwona dakika tano. Tangu hapo kila sahani ya bukari iliyopita mlangoni ilipita na falanga elfu mbili juu yake.

Swali lililostahili kuulizwa ni hili: ameingia humu siku gani, saa ngapi? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake na mtetezi wake. Na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe wakuu wa sheria. Mdogo wangu alikaa mle siku 9. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, sisi tulikuwa nyumbani tukihesabu falanga. Hatukujua kwamba saa zinahesabika. Laiti ningeandika tu kwenye karatasi “Jumatatu, saa sita mchana” na kuipeleka kwa mtu wa sheria Jumatano ile ile, pengine mambo mengi yaliyofuata yasingefuata.

Avoka, yaani wakili, hatukumtafuta. Mjomba alisema, na wote tukakubali, kwamba ukileta avoka mapema unaonyesha una hatia. Sijui wazo hilo lilitoka wapi lakini nimelikuta katika kila familia niliyozungumza nayo tangu wakati ule. Kifungu cha 19 kinasema kinyume: haki ya kuwa na mtetezi inaanza tangu mahojiano ya polisi. Na ni pale polisi ndipo mdogo wangu aliharibikiwa.

Alihojiwa usiku wa pili. Alisema kwa Kiswahili chetu, ofisa akaandika peve, karatasi ya mahojiano, kwa Kifaransa. Mdogo wangu aliacha shule darasa la sita. Kifaransa chake ni cha kusalimia. Alieleza kwamba jioni ile walikuwapo wapakiaji waliobaki kujaza lori. Akaeleza watu walioruka ukuta. Kisha akaulizwa tena habari za jioni, akajibu: “Nilikuwa nabo mupaka saa sita, kisha bakaenda.” Alisema wapakiaji. Katika karatasi sentensi hiyo imekaa mara baada ya ile ya watu walioruka ukuta, na Kifaransa chake kinasomeka kwamba alikuwa pamoja na hao. Neno moja, “nabo”, yaani “nao”, nalo halisemi ni akina nani. Alisomewa haraka, kwa Kifaransa, akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Nilimuuliza baadaye kwa nini alitia. Akaniambia: “Yaya, walisema nikitia sahihi nitalala.”

Kwa hiyo mwenye ndugu kasho leo, mwambieni jambo hili kabla ya mengine yote: asitie sahihi karatasi ambayo hajatafsiriwa neno kwa neno, na akiona kitu hakikuandikwa alivyosema, aombe kirekebishwe hapo hapo au iandikwe kwamba amekataa kutia sahihi. Kukataa kutia sahihi si kosa. Atatishwa, ndiyo. Lakini peve ile itatembea naye hadi siku ya mwisho, na kila mtu mwenye joho ataisoma kabla hajamtazama usoni.

Katika siku zile 9 ndipo pia tulipopoteza dola 300. Mtu mmoja aliyevaa vizuri, aliyeingia na kutoka ofisini kama kwake, alituambia anaweza kupanga dhamana. Mama aliuza cherehani yake, mimi nikachukua zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, kabla ya wakati. Tulimpa mkononi, chini ya mwembe. Dhamana ya kweli ipo katika sheria, lakini huamriwa kwa maandishi, hulipwa kwenye grefu, ofisi ya karani wa mahakama, na karani huyo, grefye, hukupa risiti. Palipokosekana risiti pesa imekwisha kwenda. Hatukumwona tena, na mama hajanunua cherehani nyingine mpaka leo.

Siku ya kumi alihamishiwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Majistra wa parke alimhoji nusu saa, akamwandikia hati ya kukamatwa kwa muda, na kosa likapewa jina: mauaji ya kurahisisha wizi, kifungu cha 85 cha Kodi ya adhabu, yaani kitabu cha sheria za adhabu. Adhabu yake ni kifo. Nililijua hilo kwa kumsikia kijana wa jirani, mwanafunzi wa sheria pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akilitamka polepole kama mtu anayeogopa kuvunja chombo.

Kijana huyo ndiye aliyenipa daftari. Si kwa maana nyingine, alinipa daftari la kurasa 96, la wanafunzi, akaniambia: “Mwalimu, andika tarehe.” Akanichorea njia. Baada ya hati ya parke, mtuhumiwa apelekwe mbele ya zuzi ndani ya siku 5. Zuzi akikubali abaki ndani, amri yake ina uhai wa siku 15. Ikiisha inaweza kuongezwa mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine, lakini si bila mwisho, na kila mara lazima zuzi aamue tena. Amri isipoongezwa, mtu huyo anafungwa bila karatasi. Na kukata rufaa dhidi ya amri hizo kuna muda mfupi mno, saa 24. Nilipoanza kuandika niligundua kwamba kuna wiki mbili nzima ambazo mdogo wangu alikaa gereza la Kasapa bila karatasi yoyote iliyo hai. Niligundua zikiwa zimeshapita.

Kasapa kila mtu wa Lubumbashi anaijua kwa nje, iko njia ya kwenda chuo kikuu. Ni gereza lenye nafasi ya watu wapatao 800, na waliomo ni zaidi ya mara mbili yao. Septemba 2020 kulizuka ghasia za siku tatu ndani yake na wafungwa wanawake walibakwa. Mji mzima ulisikia. Mama alipoambiwa mwanawe anapelekwa kule hakulia, aliketi tu. Nilikuwa nampelekea chakula mara mbili kwa juma. Bukari, sombe, samaki wadogo wakipatikana, sabuni, dawa ya upele. Mke wake alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu. Juma la kwanza tu baada ya picha ile, watu waliipindua, na mwenye nyumba akampa mwezi mmoja ahame. Alikuja kukaa kwangu na mtoto mchanga. Hakuna mahakama iliyokuwa imesema neno bado.

Kosa lenye adhabu ya kifo haliendi tribinali ya amani, mahakama ya chini ambayo huishia makosa ya miaka 5. Linaenda tribinali kuu, ile inayoitwa kwenye makaratasi Tribunal de grande instance. Tukahitaji mtetezi, na hapo nikakosea tena. Nilimlipa bwana mmoja dola 250 kwa mafungu. Alikuwa na joho, alikuwa na mkoba, watu walimwita “maître”. Sikujua kwamba hapa kwetu kuna aina mbili. Kuna avoka, aliyeandikishwa kwenye chama cha mawakili, na kuna mtetezi wa mahakama, ambaye kisheria anasimama kwenye tribinali za amani na tribinali kuu peke yake. Watetezi wengi ni watu wema na hodari. Ila ukifika mahakama ya rufaa, hawezi kupanda nawe. Ulizeni mapema: wewe ni avoka au mtetezi wa mahakama? Ni swali la heshima kabisa, na mtu mwaminifu halichukii. Kisha ulizeni la pili, ambalo mimi sikuliuliza: umesoma faili lote?

Hakuwa amelisoma. Nililijua hilo baada ya mwaka.

Kesi ilianza, ikaahirishwa, ikaanza, ikaahirishwa. Mara shahidi hakuja, mara zuzi mmoja kati ya watatu hakuwepo, mara gari la gereza halikuwa na mafuta. Daftari langu lina mahudhurio 14. Kila hudhurio nilipoteza siku ya kazi, na mwalimu asiyefika hukatwa. Kesi zinasikilizwa mbele ya watu wote, hilo ni kifungu cha 20 cha Katiba, mtu yeyote anaweza kuingia na kukaa. Katika mara 14, kutoka mtaa wetu ulioandika ujumbe usiohesabika kwenye simu, hakuja hata mtu mmoja. Tuliokuwa pale ni sisi, na upande wa pili wa ukumbi, mjane wa muzee na mwanawe wa kiume. Alikuwa amejiunga na kesi kudai haki ya mumewe, na ilikuwa haki yake. Kwa miezi yote ile hatukusalimiana. Alikuwa akimtazama mdogo wangu bila kupepesa.

Shahidi mkubwa alikuwa mama mmoja muuza mikate, anayetoka nyumbani kabla ya alfajiri. Alisema alimwona mdogo wangu akikimbia na wenzake, amebeba mfuko. Mtetezi wetu alimuuliza kama kulikuwa na giza. Akajibu kulikuwa na taa ya depo. Basi, akakaa chini.

Novemba 2022, mvua ikinyesha juu ya mabati hadi grefye akalazimika kupaza sauti, walisoma hukumu. Ana hatia. Kwa sababu ya mazingira ya kupunguza adhabu, badala ya kifo, miaka 20. Mke wake alimpa mama mtoto, akatoka nje.

Siku sita zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama ya matanga. Watu waliketi, tulipika, tuliomba. Hakuna aliyeuliza habari za rufaa kwa sababu tulidhani rufaa ni jambo la pesa nyingi na maandishi marefu, tutalifikiria Januari. Siku ya nane kijana wa jirani alirudi kutoka kwao Likasi, akauliza hukumu ilisomwa lini, akahesabu kwa vidole, akasimama. Muda ni siku 10 tangu kusomwa, kama mshtakiwa alikuwepo. Na rufaa haianzi kwa maandishi marefu. Inaanza kwa tamko mbele ya grefye, naye analiandika na kutia tarehe. Sababu zinakuja baadaye. Siku ya tisa tamko liliandikwa. Nakala yake niliibandika ndani ya jalada la daftari.

Mama alikuwa amekwisha kukata tamaa. Kwake, zuzi akishasema, Mungu amesema. Kijana alimkumbusha kesi ambayo nchi nzima iliitazama kwenye televisheni mwaka 2020, ya Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, aliyeshitakiwa kwa wizi wa mali ya umma. Mama aliikumbuka vizuri sana, tulikuwa tukikusanyika sebuleni kwa jirani, kila mtu zuzi. Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Juni 2021, kwenye rufaa, ikawa 13. Aprili 2022 Mahakama ya Kasasyo, iliyo juu ya mahakama za rufaa, ikaifuta hukumu hiyo, na Juni 2022 mahakama ya rufaa ya Kinshasa-Gombe ikamwachilia. Kijana hakusema kama ilikuwa sawa au si sawa, na mimi pia sisemi. Alitaka mama aone kwamba hukumu ya kwanza ina ngazi juu yake. “Lakini huyo ni mutu mukubwa,” mama akasema. Sikuwa na jibu.

Kwenye chama cha mawakili kuna ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Nimeishi mji huu maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia. Unaenda na cheti cha umaskini kutoka huduma ya mambo ya jamii. Tulipewa avoka mwanamke, kijana bado. Hakutuomba malipo ya kazi. Tulilipa nakala na usafiri, na hizo nazo zilifika kama dola 120 kwa muda wote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda grefu kuomba kusoma faili. Alikaa huko siku mbili. Alinipigia akaniambia nije na kila nilichonacho, hata vitu vya simu. Nikamkuta ameweka peve mbili kando kwa kando. Zote za muuza mikate. Ya kwanza ni ya Jumatatu mchana, siku ya mauaji yenyewe: aliona kijana mrefu mwenye koti jeusi akikimbia peke yake kuelekea reli, hamjui. Ya pili ni ya Alhamisi: alimwona mdogo wangu, kwa jina, akikimbia na wengine, amebeba mfuko.

“Mwalimu,” avoka akaniuliza, “kati ya Jumatatu na Alhamisi, mama huyu alionyeshwa nini?”

Nikatoa simu. Nilikuwa nimehifadhi picha ile na maneno yake yote, si kwa hekima, ni kwa uchungu. Nilikuwa nikiyasoma usiku. Picha: Jumanne, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Maneno: “mfuko wa dola”. Avoka alitafuta mfuko huo katika faili zima. Mwenye depo alisema zimeibwa simu, betri na kasha dogo la pesa za mauzo. Polisi hawakukamata mfuko. Hakuna shahidi wa Jumatatu aliyeutaja. Mfuko ulizaliwa kwenye kundi letu Jumanne asubuhi, na Alhamisi ulikuwa tayari mikononi mwa mdogo wangu katika maandishi ya serikali.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakikosea hata katika hasira yangu. Nilikuwa nikitaka watu wanyamaze. Nilidhani kesi ya jinai si ya kuzungumzwa, waachiwe wenye joho. Avoka hakukubali. Alisema kesi ikinyamaziwa ndipo mtu husahaulika gerezani amri yake ikiwa imekufa. Watu waongee, alisema, lakini waulize yaliyo na tarehe: amekamatwa lini, yuko kasho gani, karatasi yake inasema nini, zuzi anamsikiliza siku gani. Maswali hayo hayamharibu shahidi, hayamgeuzi mtuhumiwa kuwa muuaji, na hata familia ya aliyeuawa yanaisaidia. Ile “nani kafanya” ndiyo inayoingia kichwani mwa shahidi na kutoka kinywani mwake kama kumbukumbu.

Kwa hiyo niliandika kwenye kundi, kwa mara ya kwanza tangu picha ile. Sikumtetea. Niliandika tarehe ya kusikilizwa, mahali, saa tatu asubuhi, na kwamba kila mtu anaruhusiwa kuingia. Walinitukana kidogo. Walikuja watatu. Mmoja wao alikuwa yule mama wa mwanafunzi wangu. Alikaa benchi la nyuma, na tangu siku hiyo hakukosa.

Parke nayo ilikuwa imekata rufaa, ikitaka adhabu ya kifo. Kama ni mshtakiwa peke yake aliyekata rufaa, hali yake haizidishwi. Parke ikikata, kila kitu kinakuwa mezani tena. Kwa miaka mingi tulijifariji kwamba hukumu ya kifo haitekelezwi, kwani tangu 2003 nchi ilikuwa imeisimamisha. Machi 2024 redio ikatangaza kwamba serikali imeondoa usitishaji huo. Sababu zilizotolewa zilikuwa vita vya mashariki, usaliti, na ujambazi wa mijini. Mama alisikia maneno ya mwisho tu. Kwa siku nne hakuweka chakula kinywani. Avoka alikuja nyumbani, akaketi chini kwenye mkeka pamoja naye, akamweleza ngazi zilizobaki moja baada ya nyingine. Kuna saa za kazi ambazo hazina malipo yanayolingana nazo.

Kikao cha muuza mikate kilikuwa kifupi. Avoka aliomba peve zote mbili zisomwe na zitafsiriwe kwa Kiswahili. Kisha akauliza kwa upole, akimwita mama: “Mama, ule mfuko uliuona wapi?” Yule mama alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema watu wote walikuwa wanausema. Akasema aliona kijana anakimbia, hilo aliliona kwa macho yake, na picha ilipokuja akajua ndiye. Hakuwa mwongo, na nilipoingia pale nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa ameona mtu mmoja mwenye hofu akikimbia gizani, na sisi tuliobaki tukamjazia mengine.

Peve ya mdogo wangu nayo ilisomwa. Avoka aliomba aulizwe upya, kwa Kiswahili, “nabo” ni akina nani. Wapakiaji wawili waliitwa wakathibitisha kwamba waliondoka saa sita.

Mei 2024 mahakama ya rufaa ilimwachilia, ikisema shaka iliyopo ni ya kumfaidi mshtakiwa. Hata baada ya hapo karatasi ya kumtoa ilichukua siku 4 kufika gerezani, nami niliifuata ofisi kwa ofisi nikiwa na daftari. Fuateni karatasi hiyo kwa miguu yenu, haitembei peke yake. Alitoka akiwa na kilo pungufu na kikohozi ambacho mpaka leo hakijaisha. Mtoto wake, aliyemwacha mchanga, alijificha nyuma yangu.

Kwenye kundi niliandika kwamba ameachiliwa. Walijibu wanane, na mmoja tu aliyewahi kuandika “wachomwe” ndiye aliyeomba msamaha.

Majuma matatu baadaye, Jumapili baada ya ibada, mjane wa muzee alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, bila mwanawe. Mama alimpa kiti. Alikataa maji mara mbili, mara ya tatu akapokea. Akamwambia mdogo wangu kwamba miaka yote hiyo amesikia maavoka, maparke na mazuzi, kwa Kifaransa na kwa tafsiri, na bado hajui mumewe alikufaje. Kesi imekwisha na hakuna mwingine aliyeshitakiwa. “Wewe ulikuwa pale,” akasema.

Mdogo wangu alianza kusimulia, kwa Kiswahili, tangu saa kumi na mbili jioni muzee alipofika na chai yake kwenye chupa. Alisimulia lori, wapakiaji, baridi, redio ndogo waliyokuwa wakisikiliza. Alipofika kwenye ukuta sauti ilimkatika. Mjane alingoja. Kisha akamuuliza kama muzee aliita jina la mtu yeyote. Mdogo wangu akamwambia: “Aliniita mimi, mama. Alisema nikimbie.”